Mtoto Kateremshwa, Mjeledi Umebaki

Mwaka 2005 Umoja wa Falme za Kiarabu ulitunga sheria iliyomkataza mtu yeyote wa chini ya miaka 18 kupanda ngamia katika mashindano ya mbio. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, watoto kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania, baadhi yao wakiwa na umri wa miaka minne au mitano, walikuwa wakipandishwa juu ya ngamia wa mbio, wakinyimwa chakula cha kutosha ili wasiongezeke uzito, na walipoanguka walivunjika viungo au kufa. Katazo lililotangazwa mwaka 2002 halikufuatwa. Ilibidi wanaharakati, miongoni mwao Ansar Burney, wakili wa Pakistan, wapige kelele kwa muda mrefu mpaka habari za watoto hao zikawafikia watu wa nchi za mbali. Ndipo sheria ikaanza kutekelezwa, na serikali ikishirikiana na UNICEF ikawarejesha makwao watoto zaidi ya 1,000.

Mbio hazikukoma. Nafasi ya mtoto ilichukuliwa na roboti. Miongoni mwa roboti za mwanzo zilikuwamo zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Qatar na kampuni ya Uswisi iitwayo K-Team, nazo zilikuwa nzito na za bei kubwa. Baadaye mafundi wa Ghuba wakaunda nyingine nyepesi, za kilo chache tu, zinazozungushwa na mota ya aina ile ile iliyomo ndani ya drili ya fundi. Roboti hufungwa mgongoni mwa ngamia, huvalishwa nguo za rangi ya mwenye mnyama, na kazi zake ni mbili. Ya kwanza ni kupaza sauti ya mwenye ngamia, ambaye hufuatana na mbio kwa gari pembeni mwa uwanja huku akisema kwa redio. Ya pili ni kuzungusha mjeledi kila anapobonyeza kitufe.

Jambo hilo limenikaa moyoni kwa muda mrefu. Mafundi walipewa kazi ya kumbuni mpanda ngamia upya, bila kulazimika kufuata umbo la mwanadamu wala mazoea yake. Wangeweza kubakiza sauti peke yake, kwa kuwa ngamia aliyelelewa vyema huijua sauti ya mlezi wake na huifuata. Miguu iliondolewa, macho yakaondolewa, uzito ukapunguzwa mpaka ukawa si kitu, lakini mjeledi ukatengewa mota yake. Na dunia iliyokuwa imeghadhibika miezi michache kabla ya hapo, ikaridhika. Magazeti yaliisifu teknolojia, wageni wakaenda kupiga picha za roboti, na suala likahesabiwa kuwa limekwisha.

Sisi watu wa Pwani tuna jamaa Muscat, Salalah na Dubai, na video za mbio hizi hutufikia kwenye simu msimu wote wa baridi kule Ghuba. Ninazitazama. Ngamia wa mbio ni kiumbe mwenye uzuri wa ajabu: shingo imenyooshwa mbele, miguu mirefu inakula ardhi, na katika mbio za kilomita nane au kumi anaweza kudumu katika mwendo ambao farasi wengi wangeshindwa kuustahimili. Jamaa hujadili jina la ngamia, ukoo wake, bei aliyonunuliwa na gari atakalozawadiwa mwenyewe. Sijapata kusikia hata mara moja mtu akiuliza kwa nini kile kimjeledi kinazunguka bila kukoma katika mita za mwisho, wakati mnyama anakimbia kwa nguvu zake zote na hana tena cha kuongeza. Wanaojadili ni watu wema, wanaotoa zaka na kulea mayatima, na kwa hiyo siwezi kusema kwamba wanakosa huruma. Huruma wanayo, ila kuna mahali inapofika ikasimama, na nadhani mahali hapo pamewekwa na watu.

Kabla ya kuendelea, nieleze kwamba sisemi mbio za wanyama ni haramu, wala siandiki kwa nia ya kuzifuta. Anayesoma hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, atakuta kwamba mbio za ngamia na farasi zilikuwapo na zikakubaliwa. Ngamia wake, al-Adbaa, alikuwa hashindwi, mpaka siku moja bedui mmoja akaja na ngamia kijana akamshinda. Waislamu wakaona uchungu, naye akawatuliza kwa kuwakumbusha kwamba hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila Mwenyezi Mungu hukishusha. Imesimuliwa pia katika Bukhari kwamba aliandaa mbio za farasi, akawawekea waliokuwa wamezoezwa kwa mbio masafa marefu, kuanzia al-Hafya mpaka Thaniyyatul-Wadaa, na wale ambao hawakuzoezwa akawawekea masafa mafupi, kuishia kwenye msikiti wa Banu Zurayq. Simulizi hii husomwa mara nyingi kama ushahidi wa uhalali wa mbio na watu wakaishia hapo. Mimi naona uzito wake uko katika yale masafa mawili. Kabla ya farasi kuanza kukimbia, mtu aliketi akafikiri kila mmoja anaweza kustahimili nini, na njia ikapimwa kwa kumfuata mnyama. Ni Mtume huyo huyo aliyeingia katika bustani ya Ansari mmoja, akamkuta ngamia anatokwa na machozi, akampapasa kichwani mpaka akatulia, kisha akamkemea mwenye ngamia kwa kumtia njaa na kumchosha.

Mwaka 2020 UNESCO iliingiza mbio za ngamia za Oman na za Umoja wa Falme za Kiarabu katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Sina ugomvi na uamuzi huo. Oman ina mchezo mwingine wa kale, ardha, ambapo ngamia wawili hukimbizwa bega kwa bega na wapandaji husimama juu ya migongo yao wameshikana mikono, na sharti la mchezo ni ngamia hao walingane mwendo. Anayewapita wenzake ndiye aliyeharibu. Nao umo katika orodha hiyo tangu 2018. Ninautaja hapa kwa sababu unaonyesha kwamba ufundi wa kuishi na mnyama, kumjua na kuelewana naye, ni urithi mkubwa kuliko kitufe cha kumchapia kutoka ndani ya gari lenye kiyoyozi, ambacho umri wake haujafika hata miaka 30.

Hoja ya kwanza inayotolewa kuutetea mjeledi ni kwamba mnyama haumii sana, ngozi yake ni nene. Kuhusu farasi, jambo hili limechunguzwa. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, Paul McGreevy na wenzake walilinganisha ngozi ya farasi na ya mwanadamu chini ya darubini, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana katika wingi wa miisho ya neva iliyoko kwenye tabaka la juu. Hoja ya pili ni kwamba bila mjeledi mnyama hatatoa mwendo wake. Hili nalo McGreevy na mwenzake David Evans walilitazama mwaka 2011 katika mita 400 za mwisho za mbio, pale ambapo viboko huwa vingi zaidi, na hawakuona kwamba kuwachapa farasi waliokwisha kuchoka kuliwasaidia kufanya vizuri zaidi. Norway ilikataza kumchapa farasi ili aongeze mwendo tangu mwaka 1982. Mbio za farasi za Norway zinaendelea, watu wanahudhuria, na mshindi anapatikana.

Kama mambo hayo yanajulikana, basi mtu anajiuliza kwa nini mjeledi bado upo katika viwanja vingi hivyo. Jibu langu nimelipata kwa kutazama mbio nyingine, za mbali na Ghuba, ambazo kumbukumbu zake zimetunzwa vizuri.

Grand National hukimbiwa kila mwaka huko Aintree, karibu na Liverpool, Uingereza. Ni masafa ya karibu kilomita saba yenye viunzi 30 vya kuruka, na hadi mwaka 2023 farasi 40 waliruhusiwa kuanza pamoja. Mwaka 2011 farasi wawili, Ornais na Dooneys Gate, walikufa katika mzunguko wa kwanza. Waliosalia walipofika mara ya pili kwenye viunzi vile, walielekezwa kuzunguka pembeni, kwa kuwa maiti zilikuwa bado ziko pale chini ya maturubai, na kamera za juu zikawaonyesha watazamaji wa televisheni maumbo mawili yaliyofunikwa uwanjani. Aliyeshinda, Ballabriggs, alifika mwisho akiwa amechoka kiasi kwamba mpandaji wake alishuka upesi ili farasi amwagiwe maji, na farasi hakupelekwa mahali ambapo kwa desturi mshindi hushangiliwa. Mpandaji huyo alifungiwa siku tano kwa kutumia mjeledi kupita kiasi. Ushindi haukuguswa.

Katika viwanja vya namna hii farasi akianguka na kuvunjika mguu, watumishi hukimbia na skrini za kitambaa wakamzungushia, na daktari wa mifugo hufanya kazi yake nyuma ya kitambaa. Nafahamu sababu zinazotolewa: kumpa daktari nafasi, kumtuliza mnyama, kuwaepushia watoto picha mbaya. Lakini tazama matokeo yake. Watu maelfu walioko uwanjani, na mamilioni walioko majumbani, huondoka wakiwa wameona mshindi na hawakuona gharama. Mwaka unaofuata watarudi, na dhamiri zao zitakuwa safi kweli kweli, kwa kuwa hawakuonyeshwa kitu.

Na pale walipoonyeshwa, mambo yalibadilika. Mwaka 2023 waandamanaji wa kikundi kiitwacho Animal Rising waliingia uwanjani, mbio zikacheleweshwa, polisi wakakamata watu zaidi ya 100, na zilipoanza, farasi aitwaye Hill Sixteen akafa kwenye kiunzi cha kwanza kabisa. Mkufunzi wake aliwalaumu waandamanaji kwa kuwatia farasi wasiwasi. Wasimamizi hawakukubali hoja za waandamanaji, lakini mwaka uliofuata walipunguza idadi ya farasi kutoka 40 hadi 34, wakasogeza kiunzi cha kwanza karibu na mahali pa kuanzia ili farasi wasikifikie kwa kasi kubwa mno, na wakaongeza ukaguzi wa afya. Mwaka 2024 farasi wote waliokimbia Grand National walirudi salama. Mageuzi hayo yote yangeweza kufanywa miongo kadhaa kabla. Hayakuhitaji uvumbuzi wowote. Yalichohitaji ni aibu ya hadharani. Wala kazi haijaisha: mwaka 2025 farasi wa miaka 13, Celebre d'Allen, alianguka baada ya kiunzi cha mwisho na akafa siku chache baadaye, na mpandaji wake akafungiwa siku kumi kwa kuendelea kumkimbiza wakati mnyama hakuwa tena na nguvu.

Farasi wa Aintree angalau hufa mbele ya watu, hata kama ni nyuma ya kitambaa. Mbwa wa mbio wengi hufa mahali ambapo hakuna mtazamaji kabisa. Mwaka 2015 televisheni ya taifa ya Australia ilifichua kwamba baadhi ya wakufunzi wa mbwa aina ya greyhound walikuwa wakiwazoesha kwa kuwafungia wanyama hai, wakiwamo sungura na watoto wa nguruwe, kwenye mashine ya chambo ambacho mbwa hukifukuza. Serikali ya jimbo la New South Wales iliunda tume chini ya Michael McHugh, aliyepata kuwa jaji wa mahakama ya juu ya nchi hiyo. Tume ilipata kwamba katika miaka 12 walizalishwa mbwa 97,783 kwa ajili ya mbio, na kwamba kati ya 48,891 na 68,448 miongoni mwao waliuawa kwa sababu walionekana hawana mwendo wa kutosha. Kwa lugha nyepesi, nusu au zaidi ya mbwa waliozaliwa. Julai 2016 waziri mkuu wa jimbo, Mike Baird, alitangaza kwamba mbio hizo zitapigwa marufuku. Oktoba ya mwaka huo huo, baada ya kelele za wenye mbwa, vyombo vya habari na wanasiasa wa upande wake mwenyewe, aliirudisha nyuma amri yake. Ripoti ilikuwa ile ile na hesabu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika katika miezi mitatu hiyo ni kiasi cha hasara ambacho watu walikuwa tayari kukivumilia kwa ajili ya mnyama asiye na kura.

Nimeitaja habari ya mbwa kwa sababu katika maduka ya kamari ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, kijana anaweza kuketi asubuhi hadi jioni akiweka dau juu ya mbwa wanaokimbia kwenye skrini, mbwa waliochorwa na kompyuta. Hakuna mnyama anayeumia pale, na kwa upande huo sina lawama. Ninachokiona ni mwisho wa safari ndefu ya kumfanya mnyama awe namba tu. Mbwa nambari tatu, mbwa nambari tano. Mtu aliyezoea kumjua mbwa wa mbio kwa namba kwenye mkeka wake hana sababu ya kujiuliza yule wa kweli, aliyeshindwa katika uwanja wa kweli, alipelekwa wapi jioni ile.

Kuna maneno ambayo kila anayezungumzia wanyama katika nchi zetu huambiwa, na yanastahili kujibiwa kwa heshima: watu wenyewe wanateseka, hospitali hazina dawa, vijana hawana kazi, nawe unatuletea habari za ngamia na punda? Nakubali kwamba shida za watu ni kubwa. Lakini kumwacha mnyama bila kumchapa hakupunguzi kidonge hata kimoja hospitalini, wala hakumnyimi kijana kazi. Tena habari ya watoto wa Ghuba inatufundisha kinyume cha hoja hii. Yule mtoto wa miaka mitano hakupandishwa juu ya ngamia na watu waliowachukia watoto. Alipandishwa na watu waliokwisha kuzoea kwamba katika mbio kinachohesabiwa ni uzito na mwendo, na kwamba kiumbe kilicho chini na kilicho juu ni vyombo vya kufikia ushindi. Mazoea hayo yalianza kwa ngamia. Hayakuwa na mlango wa kuyazuia yasimfikie mtoto maskini wa kigeni ambaye wazazi wake hawakuwapo.

Nije nyumbani. Lamu, kila Mfungo Sita, wageni wanapokusanyika kwa Maulidi yaliyoasisiwa na Habib Swaleh na kushikwa na Msikiti wa Riyadha hadi leo, kuna mbio za punda kando ya bahari. Ni furaha ya mji mzima. Vijana hupanda bila tandiko, watu hujazana ukutani na madirishani, na anayeshinda hubebwa juu juu. Punda ndiye aliyeujenga mji ule: katika vichochoro ambavyo gari haliwezi kupita, kila jiwe la matumbawe, kila mfuko wa saruji na kila pishi ya mchanga imepita katika shogi mgongoni mwake. Tangu mwaka 1987 shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na zahanati pale, punda wanatibiwa bila malipo, na hutolewa zawadi kwa punda aliyetunzwa vizuri kuliko wenzake. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Lamu hawajui thamani ya punda au kwamba hakuna aliyejitahidi.

Hata hivyo, nimesimama katika ule umati nikaona fimbo zikitua mapajani na shingoni mwa wanyama ambao siku iliyotangulia walikuwa wamebeba mizigo, baadhi yao wakiwa na vidonda vya kamba ambavyo havijapona, na pembeni yangu wazee kwa vijana wakishangilia. Hakuna aliyekuwa akishangilia fimbo. Macho yao yalikuwa kwa kijana aliyeko juu, mtoto wa fulani wa mtaa fulani, na punda alikuwa ni njia tu ya kumfikisha. Kumpiga mnyama kikatili, kumpanda kupita kiasi na kumbebesha mzigo uliomzidi ni makosa katika sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Katika siku ya shangwe hakuna askari atakayeisoma sheria hiyo, na sidhani kwamba polisi ndio njia ya kwanza ya kuliendea jambo hili.

Ninachokiomba ni kidogo, na kinawezekana kwa sababu mbio za Lamu ni ndogo, wenyewe wanajuana, na wanaoziandaa ni watu wa dini wanaozijua zile simulizi za Banu Zurayq na za ngamia wa Ansari kuliko ninavyozijua mimi. Kila punda akaguliwe na daktari asubuhi ya mashindano, na mwenye kidonda abaki zizini. Punda atakayekimbia apumzishwe mizigo siku mbili kabla, na kamati imlipe fidia mwenye punda ambaye mapato yake ya siku hizo ndiyo chakula cha watoto wake, kwa kuwa si haki kumtaka maskini peke yake agharimie huruma yetu sote. Fimbo zikusanywe kabla ya kuanza, na kijana atakayeonekana amempiga mnyama njiani ahesabiwe kuwa ameshindwa hata akifika wa kwanza. Atangazwe hivyo kwa kipaza sauti, jina na mtaa, mbele ya umati ule ule. Na ile zawadi ya punda aliyetunzwa vyema itolewe siku hiyo hiyo, jukwaa lile lile, iwe kubwa kuliko ya mbio. Fedha hizo zinaweza kuchangwa na sisi tulioko mbali tunaotumiwa video, na mimi niko tayari kuanza mchango huo hata kabla kamati haijatangaza tarehe ya mbio zijazo.